Mikono Iliyotulea

(Maneno ya wanachama, yaliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Mlali)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Miaka kumi si mchezo. Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia kwa mweka hazina, kwa hiyo sisi hatutarudia habari za hisa wala mikopo. Tumepewa nafasi ya kusema juu ya mambo ya zamani: michezo tuliyocheza utotoni na kazi za mikono tulizozikuta kwa mama zetu. Tunaomba mtuvumilie, maana mwishoni tuna ombi.

Wengi wetu tulizaliwa miaka ya 1960 na 1970. Wengine tulibebwa mgongoni wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971, familia zilipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Wamo Wagogo kati yetu, wamo Wakaguru, na wamo waliokuja hapa kwa ndoa. Lakini siku ya kikao, tukishafunga sanduku na kuanza kusimuliana utoto, utadhani tulilelewa nyumba moja.

Nani kati yetu hakucheza mdako? Unachimba kishimo, unajaza kokoto, unarusha moja juu, na kabla haijaanguka umeshazitoa zile nyingine kwa kiganja. Ukirusha tena unazirudisha zote, unabakiza moja. Hiyo ndiyo yako. Mwisho kila mtu anahesabu alizo nazo mbele ya wenzake, na mwizi wa kokoto alijulikana tu! Na rede je? Wawili wanarushiana mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Gunzi la hindi tulilivika kitambaa likawa mtoto, tukalibeba, tukalibembeleza. Wavulana walitengeneza magari kwa mabua ya mtama na ng'ombe kwa udongo. Usiku ukiingia ni vitendawili, na asiyeweza kutegua anatoa mji. Jamani, katika hivyo vyote hapakuwa na kitu cha kununua dukani.

Tulikuwa tunacheza, kumbe tunawaiga mama zetu. Mama alipofinyanga chungu, sisi pembeni tulifinyanga vyungu vidogo kama kikombe. Alisaga vigae vya chungu kilichovunjika, akavichanganya na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Mtungi wake wa maji haukuhitaji umeme: maji yalipenya kidogo kidogo kwenye udongo, yakakauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani yakawa baridi hata mwezi wa Oktoba jua linapowaka.

Kibuyu nacho kilikuwa na kazi yake. Kikikauka hukatwa mdomo, kinatiwa maji na kuachwa mpaka nyama ya ndani ioze, kisha zinatiwa kokoto na kutikiswa mpaka kisafike. Kikipata ufa hakitupwi, kinashonwa kwa uzi. Na anayependa urembo hukichora kwa chuma cha moto. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, maduka yalipokuwa matupu, mama hao hao walifumua sweta kuukuu wakafuma la mtoto. Kwao kuharibika kwa kitu hakukuwa mwisho wake.

Tena sisi wa Kongwa tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mpango mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na mamilioni ya pauni. Mwaka 1951 ukafungwa, umeshindwa na ukame na udongo unaokauka ukawa kama saruji. Bibi zetu na jembe lao la mkono wakaendelea kulima. Mbegu ya mwakani ilikaa kwenye kibuyu, mdomo umezibwa kwa gunzi, kimetundikwa juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiingie. Hata njaa ikibisha hodi, kibuyu kile hakiguswi ovyo. Hiyo ndiyo benki ya kwanza tuliyoiona kwa macho yetu. Sanduku letu lenye kufuli tatu, jamani, ni mtoto wa kibuyu kile.

Lakini tusije tukawadanganya vijana kwamba zamani yote ilikuwa asali. Jiwe la kusagia tunalikumbuka vizuri. Msichana anaamka alfajiri, anapiga magoti, anasaga uwele mpaka kiganja kinachubuka, halafu aende kutafuta maji korongoni, ndipo afikirie shule. Wapo kati yetu ambao shule iliishia hapo. Mashine ya kusaga ilipokuja hakuna aliyelililia jiwe. Na ndoo ya plastiki ni nyepesi kuliko mtungi, mwacheni mtoto abebe ndoo. Hatutamani mateso yarudi. Tunachosikitikia ni kwamba tulipotua mzigo, tulitua na ujuzi pamoja nao.

Hilo tuliligundua mwaka 2019. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni mwaka ule. Kwenye kikao tukasema, hii ndiyo nafasi yetu, tusuke vikapu tuuze. Mwenyekiti akauliza: nani anajua kusuka? Tukatazamana. Walioinua mkono walikuwa watatu, na wote ni wenye wajukuu. Wengine tuliishia kununua mifuko mingine dukani. Tulikuwa na mtaji, tulikuwa na soko, mikono ndiyo tulikosa.

Hapo likaturudia jambo ambalo tulikuwa tumelinyamazia. Katika mwaka wa pili wa kikundi chetu, mama mmoja hakuwa na fedha ya hisa. Mvua ilikuwa imekatika mapema na shamba halikutoa kitu. Alikuja na nyungo mbili alizozisuka mwenyewe, akaziweka mezani, akasema, "Hesabuni hizi." Sisi tukacheka. Tukamwambia sanduku halili nyungo. Kweli, katiba yetu inasema hisa ni fedha taslimu, na sheria ni sheria. Lakini hakuna kifungu kilichotuzuia kuzinunua nyungo zile ili apate hisa yake. Hakuna aliyelifikiria hilo. Alizibeba kichwani akarudi nazo, na vikao viwili vilivyofuata hakuonekana.

Ndugu Mgeni Rasmi, mama huyo yuko hapa leo, amekaa mstari wa mbele. Mama, tunakuomba radhi mbele ya watu wote hawa. Ulileta mali, sisi tukaona takataka.

Mwezi uliopita tulimwendea nyumbani kuzungumza naye kabla ya kuandika maneno haya. Hakutulaumu. Alisema macho yake sasa hayaoni vizuri, lakini vidole bado vinajua njia. Akatuambia, "Nileteeni wasichana kabla vidole navyo havijachoka."

Basi ombi letu ni hili. Kwanza, kuanzia mzunguko huu mpya, kila kikao tukishafunga sanduku tubaki saa moja, na kila mwanachama aje na binti au mjukuu wake. Leo ungo, kesho kikapu, siku nyingine kufuma na kudarizi. Watoto wadogo nao waje wacheze mdako hapo pembeni, wajifunze kuhesabu na kutoibiana. Pili, tutenge fedha kidogo ya kununua kazi za wanachama na kuziuza kwa pamoja. Kibaigwa si mbali, na penye soko kubwa la nafaka hapakosi mtu anayehitaji ungo wa kupepetea. Mwanachama akikwama, ungo wake uwe njia ya kupata hisa badala ya kuwa kichekesho. Tatu, akina baba, mnapofyeka mashamba msimalize majani na matete ya korongoni, maana ndiyo malighafi yetu.

Tunajua wapo watakaosema mambo haya yamepitwa na wakati. Huenda. Lakini fedha tuliyoiweka ikipotea tunaweza kuanza tena kwa shilingi moja moja. Ujuzi wa mama yule ukizikwa naye, hakuna benki itakayotukopesha.

Miaka kumi iliyopita tulianza tukiwa na sanduku tupu. Tunawashukuru wote mliotuamini. Tukijaliwa kufikisha miaka ishirini, tunaomba meza hii ya mgeni rasmi ipambwe kwa vikapu na vitambaa vilivyotengenezwa na mabinti waliokaa hapa leo.

Umoja ni nguvu.