Kasi Ipo, Mbona Sauti Inachelewa?

Msikilizaji, uko kwenye mkutano wa kazi mtandaoni. Unauliza swali, jibu linakawia, mnaanza kukatizana maneno. Ukipima kasi, iko vizuri. Basi tatizo ni ucheleweshaji: muda wa data kwenda na kurudi, unaopimwa kwa milisekunde. Ukipita 300, mazungumzo hugongana.

Mtafute mchawi hatua kwa hatua. Kwanza, unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Mambo yakitulia, kasoro ni Wi-Fi. Itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke mahali pa wazi. Pili, uliza nyumbani nani anapakia video au picha. Foleni ya data inayopakiwa ikijaa, sauti yako nayo husubiri zamu. Tatu, tumia ping, amri ya kompyuta inayopima muda huo wa kwenda na kurudi: pima ruta, kisha tovuti ya nje. Ruta ikijibu upesi na nje kukikawia, mpigie mtoa huduma, ukiwa na vipimo vya asubuhi na jioni.

Lakini kumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikazorota Tanzania na Kenya. Siku kama hiyo, ruta yako haina kosa.