Chombo cha Kupikia Pombe

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya upishi wa pombe ya mtama nyumbani, na hasa juu ya jambo moja ambalo wapishi wengi hawalifikiri, nalo ni chombo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtama hurowekwa siku moja au mbili, hutandazwa kivulini mpaka uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Huo ndio unga wa kimea. Hupikwa uji, nao ukiwa vuguvugu hutiwa kimea, ambacho hugeuza wanga kuwa sukari. Uji ukiisha kuchachuka huchemshwa tena, hupozwa, na kutiwa kimea kingine. Ndipo chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Mwisho pombe huchujwa kwa kung'uto, na kunywewa upesi, maana haikai.

Zamani kazi hiyo yote ilifanywa katika vyungu na mitungi ya udongo. Kusini mwa Afrika pipa la chuma lilichukua mahali pa chungu, kwa kuwa halivunjiki na lachukua pombe nyingi. Hapo ndipo madhara yalipoingia. Pombe hii ni chachu, na uchachu hula chuma. Mpishi haoni pipa likipungua, lakini chuma chake kimo ndani ya pombe.

Mwaka 1929 daktari Strachan aliandika habari za maiti aliowachunguza Johannesburg, ambao maini ya wengi wao yalikuwa yamejaa chuma. Baadaye wataalamu walitambua kwamba chuma hicho kilitoka katika pombe. Lita moja yaweza kuwa na miligramu 40 au zaidi, na mwanamume mzima ahitaji kama miligramu 8 tu kwa siku. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Hukiweka katika ini mwaka baada ya mwaka, mpaka ini likafanya makovu. Mwaka 1992 ulichapwa uchunguzi ulioonyesha kwamba huenda wengine hudhurika zaidi kwa sababu ya urithi wa damu. Lakini hakuna ajuaye kwa kujitazama kama yeye ni mmoja wao.

Basi twawashauri hivi. Pikeni na kuchachusha katika chungu cha udongo, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Pipa lililopakwa zinki nalo halifai, kwani uchachu hula zinki vilevile. Pipa lililokuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya motokaa lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara kumi. Kileo chenyewe chatosha kulichosha ini. Tusiliongezee mzigo wa chuma.

Mwenye pipa la chuma na aliwekee maji ya bustani. Pombe airudishe chunguni.