TUCHAGUE TOCHI GANI YA BAISKELI?

Breki na minyororo tumekwisha zungumza. Leo tuzungumze taa.

Hapa Mwananyamala wengi wetu tunatoka saa 10 alfajiri kwenda Feri kununua samaki. Wengine tunarudi kazini saa 2 usiku. Nyakati zote hizo ni giza. Barabara ya Mwinjuma na ile ya Kawawa zina magari, bajaji na bodaboda. Huku vichochoroni kuna mashimo na mitaro iliyo wazi. Mtu akianguka na tenga la samaki, mtaji umekwenda. Akigongwa, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Wazee wetu walikuwa na dinamo. Dinamo haikutaka betri, na hilo lilikuwa jema. Lakini ukipunguza mwendo taa inafifia, ukisimama inazimika, na gari la nyuma linakuja. Siku hizi tuna tochi za LED. Zinakula umeme kidogo kuliko glopu za zamani, na Kariakoo zimejaa tele. Kazi ni kuchagua.

Kwanza, tumejifunza kusoma, basi tusome na maandishi ya betri. Tena tuyasome kwa akili! Tochi nyingi za kuchaji zina betri ya duara iitwayo 18650. Maana yake unene ni milimita 18 na urefu milimita 65. Uwezo wake huandikwa kwa herufi mAh. Betri nzuri ya aina hiyo hufika kama 3,500. Ukikuta imeandikwa 9,900, huo ni uongo mtupu, hata kama muuzaji anaapa. Ishike mkononi. Betri ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, na ya uongo mara nyingi ni nyepesi. Mizani ya samaki haitaipima sawasawa, mwombe sonara.

Mwanga nao hupimwa kwa lumeni. Kwa mwendo wetu, lumeni 200 au 300 za kweli zinatosha. Hebu tupige hesabu. Ukienda kilomita 15 kwa saa, unapita mita 4 hivi kila sekunde. Tochi ikimulika mita 4 tu mbele yako, wewe na shimo mtakutana kabla hujashika breki.

Kuna zile za kuvuta kichwa, zinazomulika mpaka kilele cha mnazi. Zinapendeza, lakini baiskeli inataka mwanga uliotandaa barabarani. Mnazi hautugongi.

Ukiwa dukani, iwashe uitikise kwa nguvu. Ikizimazima, au ikianza kumetameta yenyewe, irudishe. Zile zenye betri tatu ndogo ndani ya kikopo cha plastiki ndizo zenye tabia hiyo sana. Fungua kifuniko utazame kama kuna mpira wa kuzuia maji, maana masika yanakuja kila mwaka.

Na bei je? Tuseme betri za kutupa unanunua kwa shilingi 1,500, mara mbili kwa mwezi. Kwa mwaka ni 36,000. Tochi ya kuchaji inaweza kuonekana ghali siku ya kwanza, lakini fanya hesabu hiyo kwanza. Chagua ambayo betri yake inatoka, ili ikichoka ununue betri peke yake.

Tochi usiishike mkononi wala mdomoni. Ifunge kwenye usukani kwa kipande cha tyubu kuukuu, iangalie chini kidogo. Ukimmulika dereva machoni, umempofusha mtu anayetakiwa kukuona. Nyuma weka taa nyekundu au kiakisi, na tenga lisikifunike.

Haya, sasa tutazima taa za ukumbi. Kila mmoja aliyekuja na tochi aielekeze ukutani, tuzilinganishe. Wa mstari wa mbele waanze.