Kitabu Kimoja, Watu Wawili

Wasikilizaji wa Mtwara, Mikindani na Msimbati, jioni ya mke na mume haihitaji hoteli. Inahitaji kitabu kimoja. Nendeni Maktaba ya Mkoa, Mtwara mjini, mkaulize utaratibu wa kuazima. Mkikuta Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kuhusu maisha ya mwimbaji huyo wa taarabu, anzeni nacho. Ni kifupi, na kinanoga kikisomwa kwa sauti.

Jua likipungua, shukeni ufukweni Shangani na mkeka, chupa ya chai na korosho za nyumbani. Mmoja asome, mwenzake asikilize, kisha mpokezane. Mkibishana juu ya maisha ya Siti, vizuri sana! Mazungumzo hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Kitabu kimoja, watu wawili. Kaazimeni wiki hii. Na kitunzeni kisilowe maji ya chumvi, wengine wanakisubiri.