Watoto Wawili Katika Kila Darasa



Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mtoto ambaye kila mwalimu wa skuli na wa chuo anamfahamu. Hatulii kitako. Hudakia jibu kabla ya swali kumalizika, hupoteza kalamu na juzuu, na akiagizwa mambo matatu hutimiza moja. Jina lake huitwa kuliko la mwengine yeyote, na mara nyingi bakora huwa karibu.

Hali hii ikikithiri, madaktari huihesabu kuwa ni upungufu wa umakini na utukutu uliozidi, nao huifupisha kwa herufi ADHD. Waarabu husema fart al-haraka wa tashattut al-intibah, yaani kuzidi kwa harakati na kutawanyika kwa mazingatio. Jina hili tunaliona limegusa penyewe, kwani mazingatio mtoto anayo, ila hayakusanyiki.

Je, ni wangapi? Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Guilherme Polanczyk wa Brazil walikusanya tafiti 102 za pande mbalimbali za dunia, zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 171,000. Wastani ulikuwa kiasi cha 5 katika kila 100. Basi katika darasa la watoto 40 tutarajie wawili. Wavulana hutajwa zaidi, takriban mara mbili ya wasichana. Lakini msichana mara nyingi huzama katika mawazo akiwa kimya, na kwa kuwa hamsumbui mtu, hahesabiwi.

Hata hivyo, hii si hesabu ya mbuzi zizini. Watafiti hao hao waliona kuwa tafiti zilitofautiana hasa kwa sababu ya namna ya kuhesabu. Nchini Marekani, mwaka 2022, wazazi walipoulizwa, watoto 11.4 katika kila 100 wa miaka 3 hadi 17 walikuwa wamewahi kuambiwa na tabibu kuwa wana hali hii. Na mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa majimbo ya huko ambayo mtoto huanza skuli akiwa ametimiza miaka 5 kufikia tarehe 1 Septemba. Waliozaliwa Agosti, ambao ndio wadogo kabisa darasani, walibainishwa 85 katika kila 10,000. Wenzao wa Septemba, 64. Maradhi hayaujui mwezi wa kuzaliwa. Kwa baadhi yao, kilichoonekana ni utoto tu.

Ndiyo maana madaktari hushurutisha dalili zianze kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama vile nyumbani na skuli. Mtoto anayeruka mbele ya mwalimu mmoja tu, na atazamwe mwalimu kwanza.

Wapo wasemao ana shetani, wakampeleka kwa mganga. Wapo wanaomlaumu mama, ilhali hali hii kwa sehemu kubwa hurithiwa. Nayo bakora haikusanyi mazingatio. Humfunza mtoto kuiogopa juzuu, na siku moja haji tena chuoni. Mwalimu amweke safu ya mbele, mbali na dirisha. Ampe aya mbili badala ya ukurasa, kisha amtume maji apate kujinyoosha. Mzazi naye atoe agizo moja kwa wakati mmoja. Yakishindikana haya, apelekwe kwa daktari wa watoto. Dawa zipo, na kuzitoa ni uamuzi wa daktari, si wa mwalimu wala wa jirani.