Bunduki Nyumbani: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Tawi

Mimi si msemaji hodari. Kazi yangu ni njia ya reli, na shule yangu ni ya misheni, ya msingi tu. Lakini nimepewa dakika kumi kulijibu shauri lililoletwa mwezi uliopita. Tangu wezi walipovunja nyumba tatu hapa landi, wenzetu wengine wanataka tutoe pesa katika mfuko wa tawi, wazee wawili waombe cheti cha Serikali, wanunuliwe bastola.

Hasira yao naijua. Nyumba moja katika zile tatu ni yangu. Walichukua redio na blanketi za watoto.

Lakini nisikilizeni. Baada ya wizi ule nililala na panga chini ya kitanda. Usiku wa pili, saa nane, mlango ukasukumwa. Nikaruka, nikainua panga, nikamwendea mtu gizani. Akakohoa. Nikakijua kikohozi kile: ni mdogo wangu, ametoka zamu mapema kwa sababu ya homa. Panga hunilazimu kumkaribia mtu, na kule kumkaribia ndiko kulikomwokoa. Ningekuwa na bastola ningepiga nikiwa kitandani. Mpaka leo hajui; atajua akisoma karatasi hii.

Ndugu mmoja alisema hapa kwamba Wamarekani wana bunduki nyumbani, kwa hiyo hawaogopi. Basi tutazame hesabu. Mwaka 2017 ilikadiriwa kwamba wananchi wa huko wana bunduki kama 120 kwa kila watu 100. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki katika nchi ile, na zaidi ya nusu yao, watu 26,000 na zaidi, hawakuuawa na mwizi wala na adui. Walijiua wenyewe. Mtu mwenye deni, au aliyelewa, au aliyevunjika moyo, usiku mbaya humpita akikosa kitu cha karibu. Bunduki haimpi nafasi ya kujuta. Nasi tunajuana hapa landi, mwisho wa mwezi tunavyokuwa.

Tuje karibu. Mwaka 1979, Idi Amin alipopinduliwa, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto katika Karamoja, na wenyeji wakajitwalia bunduki. Zamani walivamiana kwa mikuki. Aliyepata bunduki alikuwa na nguvu kweli, mpaka jirani naye akapata. Waturkana na Wapokot wakazidi kutafuta zao, na wengine waliuza ng'ombe wale wale waliotaka kuwalinda. Siwalaumu. Serikali ilikuwa mbali, na mtu hawezi kumngoja askari asiyekuja. Lakini je, walipata usingizi? Novemba 2012, karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa walipofuata mifugo iliyoibwa. Hao walikuwa na bunduki, na mafunzo pia. Sisi tutafunzwa lini? Jumapili baada ya kanisa?

Tena, mwizi huchagua saa yake. Huja umelala, au uko kazini na bastola imo kabatini. Ataondoka nayo, na risasi zake, vyote kwa pesa za chama.

Nimetembea usiku kutoka geti la karakana mpaka nyumba za mwisho. Taa zilizokufa ni saba. Barua mbili zimekwisha kupelekwa kwa wakubwa, wala hatujajibiwa. Naomba tawi liandike ya tatu, mwakilishi wetu aipeleke kwa mkono, asirudi bila jibu. Na wanaotoka zamu saa sita usiku wangojeane getini, waje pamoja. Filimbi nimenunua sita. Aliye tayari kukesha nami Ijumaa anione baada ya mkutano.