Nyumba Inayolala Juu ya Ngamia

Somo: Kutoka 35:20-29

 Kama mko jikoni mkiinjika chai, au mko njiani kwenda kazini, au mmelala kitandani kwa ugonjwa, twawaomba mtupe dakika chache tukae pamoja katika Neno.

Leo tunataka kuwachukua mpaka Hadado, katika Wajir Magharibi, huko kaskazini mashariki ya Kenya. Wengi wetu sehemu hizo twazijua kwa habari tu, na habari zenyewe huwa ni za ukame au za risasi. Nasi tulipokwenda mara ya kwanza, mwaka 2016, hatukwenda kwa moyo mkunjufu. Tulikuwa watu watatu wa kanisa, tukienda kumtembelea mwalimu mmoja Mkristo, binti wa ushirika wetu, aliyekuwa akifundisha huko. Njia nzima tuliomba kimoyomoyo, na tusiwadanganye, maombi yetu mengi yalihusu usalama wa ngozi zetu wenyewe.

Mtu akiuacha mji wa Wajir, wenye nyumba zake nyeupe za mawe na chokaa, huingia katika nchi tambarare isiyo na kilima hata cha kumpa mtoto mahali pa kutelezea. Ni mchanga, miiba, vichuguu, na twiga wakikuangalia toka juu ya migunga kama wazee wa kanisa wanaomkagua mchungaji mgeni. Halafu kwa mbali tuliona vitu vya mviringo, vimekaa juu ya mchanga kama vikapu vikubwa vilivyopinduliwa. Mmoja wetu akasema, “Tazameni vile vibanda.” Yule mwalimu, aliyekuwa amekuja kutupokea, akamjibu kwa adabu lakini bila kucheka, “Mchungaji, usiseme vibanda mpaka umeingia ndani.”

Basi tukaingia. Mlango ni mdogo, nasi tuliokuwa tumezoea milango ya makanisa tulijigonga vichwa. Mwenye nyumba alikuwa bibi mzee Mwislamu, jirani wa mwalimu, ambaye mwalimu alimwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Tulivua viatu, tukasalimu “nabad,” tukaketi. Nje jua lilikuwa likichoma kama pasi. Ndani palikuwa na ubaridi. Mwanga uliingia kwa vitundu vya mikeka, vidogo vidogo, mamia kwa mamia, ukatupiga mikononi na magotini kama nyota. Kulikuwa na harufu ya moshi mtamu kutoka katika vyombo vya maziwa vilivyosukwa, maana wanawake wa huko husafisha vyombo hivyo kwa kuvifukiza. Ukutani palitundikwa mikeka ya mapambo. Hatukuona msumari hata mmoja. Kila kitu kilishikwa kwa fundo.

Nyumba hiyo Wasomali huiita aqal, na ni vema tuwaeleze inavyofanywa. Kwanza hutafutwa fito na mizizi mirefu ya miti, ikakunjwa ingali mibichi mpaka ikae kama upinde. Halafu hupangwa na kufungwa ikawa mfano wa kuba. Juu yake huwekwa mikeka, safu juu ya safu, iliyosukwa kwa nyasi na nyuzi za magome ya migunga. Magome hayo wanawake huyatafuna mpaka yalainike yawe nyuzi. Fikirini, ndugu: nyumba iliyopitia kinywani mwa mtu! Mvua ikinyesha, nyasi hulowa, huvimba na kukazana, na maji hupita juu. Wala si kazi ya siku moja. Msichana akikaribia kuolewa, mama yake na jamaa zake wa kike husuka miezi na miezi, wakiimba, na nyumba inayotokea ni mali ya bibi arusi, si ya bwana. Fundi mjenzi katika nchi ile ni mwanamke. Jambo hili peke yake lingetosha kwa mahubiri ya Jumapili nzima katika baadhi ya makanisa yetu, lakini tuendelee.

Malisho yakiisha, wanawake haohao huibomoa nyumba, na kwa saa chache tu imo juu ya ngamia. Mikeka hufanywa tandiko. Zile fito zilizopinda husimama pande zote mbili za mnyama kama pembe kubwa, na chini ya kivuli chake huwekwa watoto wadogo, wagonjwa na vifaranga vya mbuzi, kama mwalimu alivyopenda kuwaita wana-mbuzi wa siku mbili. Nyumba iliyowafunika walipokaa ndiyo inayowafunika wanapokwenda.

Tulimwuliza Ayeeyo, mwalimu akitafsiri, kama haoni uchungu kuivunja kazi nzuri namna ile. Alitutazama kama watoto. Akasema, “Haivunjwi. Inalala juu ya ngamia.” Kisha naye akatuuliza swali lake. Alikuwa amesikia kwamba sisi ni watu wa kujenga nyumba za Mungu. Akauliza, “Mkihama, nyumba yenu ya Mungu mnaichukuaje?”

Sisi watu watatu wenye vyeti vya chuo cha theolojia tulinyamaza. Mwalimu alitusaidia kwa kutumiminia chai.

Wapenzi, chuoni tulikariri vipimo vya hema ya kukutania kwa ajili ya mtihani. Tulijua mapazia ya singa za mbuzi yalikuwa kumi na moja, kila moja dhiraa thelathini kwa urefu na nne kwa upana. Tulijua majina ya mafundi, Bezaleli na Oholiabu. Lakini katika sura ya 35 ya Kutoka, mstari wa 25 na 26, wametajwa wanawake waliokuwa na hekima moyoni, waliosokota kwa mikono yao nyuzi za rangi na za kitani, na wengine wakasokota singa za mbuzi. Hawana majina. Hakuna mwalimu aliyetuuliza juu yao katika mtihani, wala sisi hatukuwakumbuka mpaka tulipoketi chini ya mikeka ya Hadado. Maskani ya kwanza ya Mungu katikati ya watu wake, yenye dhahabu ndani, ilifunikwa na kazi ya wanawake wa jangwani, nayo ilifanywa ili ichukuliwe. Someni Hesabu sura ya 7. Wana wa Gershoni walipewa magari mawili kuchukua mapazia, wana wa Merari magari manne kuchukua mbao, na wana wa Kohathi walibeba vitu vitakatifu mabegani. Nyumba ya Mungu ililala juu ya magari na mabega.

Na Daudi alipoona haya kwamba yeye akaa katika nyumba ya mierezi na sanduku la Mungu limo ndani ya mapazia, mnakumbuka jibu alilopewa katika 2 Samweli sura ya 7. Bwana alimwambia kwamba tangu alipowatoa Israeli katika Misri alikuwa akienda huku na huku katika hema, na hakumwomba mtu yeyote nyumba ya mierezi. Sisi tunapolisoma neno hilo huwa twaharakisha kumfikia Sulemani. Yohana naye, anapoandika katika sura yake ya kwanza kwamba Neno alitwaa mwili akaja kukaa kati yetu, neno la Kiyunani alilolitumia ni la mtu apigaye hema. Bwana wetu alikuja akapiga hema yake karibu na zetu, mahali ambapo moshi wa jikoni kwetu ungemfikia.

Tulirudi nyumbani tukakuta halmashauri ya ujenzi inatungojea. Habari yenyewe ni hii. Kanisa letu lilikuwa na fedha kidogo, na shauri lilikuwa ni kuzitumia zote kuinua ukuta, mrefu zaidi, wenye vipande vya chupa juu. Sisi wenyewe ndio tuliotoa shauri hilo. Na msidhani tunawacheka waliotaka ukuta. Julai 1, 2012, siku ya Jumapili, watu waliuawa makanisa yaliposhambuliwa mjini Garissa wakati wa ibada. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi wao walikuwa wanafunzi Wakristo. Mama aliyempoteza mtoto hafundishwi na mchungaji kwamba ukuta ni ukosefu wa imani. Ukuta ulijengwa, na lango lina mlinzi mpaka leo.

Lakini tuliacha vipande vya chupa, na fedha iliyobaki tulinunulia tangi la maji tukaliweka nje ya ukuta, lenye bomba upande wa barabara. Mabishano yake yalichukua miezi minne. Mzee mmoja aliacha kuja ushirika kwa sababu ya tangi lile, na hatukuweza kumrudisha. Alikuwa na haki ya kuogopa, na sisi hatukumsikiliza kwa upole uliompasa.

Watu wa huko nao wana sababu yao ya kutuogopa. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, si mbali na mji wa Wajir, wanaume wengi wa Kisomali waliokusanywa na vikosi vya serikali waliwekwa juani bila maji, na wengi waliuawa. Hesabu yao ingali inabishaniwa. Ayeeyo hakutuambia habari hiyo. Mwalimu ndiye aliyetuambia baadaye, njiani, kwamba bibi yule hupoteza usingizi akisikia lori usiku. Hata hivyo alitukaribisha sisi, watu wa bara tuliofika na gari, akatupa maziwa kabla hajatuuliza majina.

Wala hakuwa yeye peke yake. Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na wenye bunduki karibu na El Wak, abiria wakaamriwa wagawanyike, Waislamu huku na Wakristo huku. Waislamu wakakataa. Iliripotiwa kwamba wanawake walitoa mitandio yao wakawafunika Wakristo waliokuwamo. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, naye akafa hospitalini mwezi wa Januari mwaka uliofuata. Mikono ile iliyosuka mikeka tangu utoto ilijua la kufanya na kitambaa kichwani pake.

Mwanzoni mwa 2018 walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa katika shule ya Qarsa, Wajir. Walimu wengi wasio wenyeji waliondoka, na binti yetu pamoja nao. Hatuthubutu kumlaumu. Yeye mwenyewe ndiye anayejilaumu, kwa kuwa aliliacha darasa katikati ya muhula, na wanafunzi wake wa mwisho walisimama barabarani bila kupunga mkono. Alipoondoka Ayeeyo alimpa mkeka mmoja, ukiwa umekunjwa na kufungwa kwa kamba. Mwalimu hajautandika. Umesimama pembeni mwa chumba chake, nasi tukimtembelea twaupita kwa uangalifu kama mtu aliyeketi.

Kisha ukaja ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo isiyofaa. Hata twiga walikufa katika Wajir. Mwaka 2023 Ayeeyo alimpigia mwalimu kwa simu ya mjukuu wake. Ngamia wote wa kubebea walikuwa wamekufa. Aqal yake sasa imekaa mahali pamoja, kando ya barabara, na sehemu ya mikeka iliyooza ameifunika kwa turubai. Hakulia. Alisema tu kwamba nyumba imechoka kusimama. Halafu akamwuliza mwalimu kama ule mkeka bado uko, na kama panya hawajauingilia. Mwalimu akamjibu kwamba uko. Bibi akasema, “Usiukate kamba. Utahitaji kuufunga tena ukija.”

Mwalimu ametuomba ushauri, aende au asiende. Watoto wake mwenyewe sasa ni wawili, na wa pili hajaanza kutembea. Tumeomba naye mara nyingi, na mpaka asubuhi hii tunapozungumza nanyi hajaamua, wala sisi hatujamwamulia. Tunawaomba ninyi mnaotusikiliza mumchukue katika maombi yenu, hata bila kulijua jina lake.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyekaa katika mapazia jangwani, uwape mvua watu wa Hadado, na malisho, na ngamia wa kubebea. Umkumbuke bibi yule katika nyumba yake iliyokaa kando ya barabara. Uwakumbuke watoto wanaoketi darasani bila mwalimu. Umrudishe mzee wetu aliyetuacha kwa sababu ya tangi, na utusamehe tulivyomjibu. Mwonyeshe mtumishi wako njia, naye akiona hofu, ukae karibu naye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.